Kibodi inatoa herufi zisizo zake baada ya kusasisha mfumo?

Ukishasasisha mfumo, ukabonyeza @ ikatoka alama ya kunukuu, usikimbilie kununua kibodi mpya. Kibodi ni nzima. Kilichobadilika ni mpangilio wa herufi: umehama kutoka wa Marekani kwenda wa Uingereza. Y na Z zikibadilishana nafasi, huo ni wa Kijerumani. A ikitoa Q, ni wa Kifaransa.

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na spesi, uchague ulio sahihi. Kisha nenda sehemu ya lugha ukaufute ule usioutumia, la sivyo siku moja utagusa Alt na Shift bila kujua na vurugu zianze upya.

Wa Debian na Ubuntu (aina za Linux), fungua dirisha la amri, andika sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration, halafu washa kompyuta upya. Wengi hupenda amri ya setxkbmap us, inayoweka mpangilio wa Marekani, kwa sababu ni ya haraka, lakini hupotea ukitoka kwenye akaunti, na kwenye Wayland (mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye Linux) mara nyingi haifui dafu.

Panapowatesa watu hasa ni skrini ya kuingilia. Hiyo inaweza kufuata mpangilio wa mfumo mzima, si ule uliouchagua ndani ya akaunti yako, kwa hiyo nenosiri sahihi kabisa linakataliwa. Kabla ya kuanza kulibadilisha, bonyeza alama ya jicho pembeni uone kinachoandikwa (hakikisha hakuna anayechungulia). Herufi zikiwa siyo, badilisha mpangilio hapo hapo kwenye skrini hiyo. Kwa kawaida kitufe chake kipo pembeni, kimeandikwa herufi mbili tatu za lugha.