Jinsi ya kujua picha ya setilaiti kwenye ramani ya mtandaoni ilipigwa lini

Katika kazi yangu ya kuchora ramani, huulizwa mara kwa mara picha hizi husasishwa kila baada ya muda gani. Hakuna ratiba moja, kwa sababu picha unayoiona imeunganishwa kutokana na vipande vingi, kila kimoja na tarehe yake, hata mji ukawa na picha ya mwaka huu ilhali kijiji cha jirani kinaonekana kama kilivyokuwa miaka kadhaa nyuma. Kwa hiyo tafuta tarehe ya kipande chako.

Hatua ya 1. Usiutegemee mwaka ulioandikwa chini ya Google Maps, kwani huo ni mwaka wa hakimiliki. Nimewahi kuona majirani wakigombania mpaka wa kiwanja kwa kuutegemea mwaka huo, na iliniuma.

Hatua ya 2. Fungua Google Earth Pro kwenye kompyuta, ambayo ni bure tangu 2015, ukikuze kiwanja mpaka uone paa moja moja, kisha usome tarehe chini ya dirisha. Angalia vizuri, kwani mara nyingi mwezi hutangulia siku.

Hatua ya 3. Bofya alama ya saa iliyo juu, uburute kitelezi hadi mwisho wa kulia. Wakati mwingine humo mna picha mpya kuliko ile inayoonyeshwa kwanza, pengine kwa kuwa ya zamani haina mawingu. Huku pwani, picha za masika huwa na mawingu mengi. Zile za Juni hadi Oktoba ndizo nizitafutazo kwanza.

Hatua ya 4. Ukihitaji picha ya wiki hii, ingia Copernicus Browser, tovuti ya Umoja wa Ulaya ya kutazama picha za setilaiti, uchague Sentinel-2, ambayo setilaiti zake hupita sehemu ileile kila baada ya siku 5 hivi. Kila kitone (pikseli) cha picha hiyo ni mita 10 kwa 10 ardhini, hivyo nyumba ndogo hutaiona. Jaribu Daraja la Kigongo–Busisi, Mwanza, lililofunguliwa Juni 2025: ukichagua tarehe ya 2019 utaona maji matupu ya Ziwa Victoria, na ukichagua ya sasa utaona mstari mwembamba uliokatiza ziwa, upana wake vitone vitatu hivi.

Hatua ya 5. Andika tarehe ya kupigwa kwa picha kwenye ramani unayoichora, kando ya kipimio (skeli).