Kupokea shehena ya chakula kutoka nje: hatua kwa hatua

Chakula kikivuka mipaka mitatu kabla ya kukufikia, macho peke yake hayatoshi. Huu ndio utaratibu ninaoufuata kazini.

Hatua ya 1: Karatasi kabla ya mlango. Namba ya lakiri (muhuri unaofunga mlango wa kontena) iliyoandikwa kwenye hati ifanane na ile iliyo mlangoni mwa kontena, tarakimu kwa tarakimu. Isipofanana, usifungue, mwite mkaguzi. Kwenye cheti cha maabara, soma namba ya toleo kwanza (toleo ni kundi la bidhaa zilizotengenezwa pamoja), matokeo baadaye. Cheti kizuri cha toleo jingine hakina maana kwako.

Hatua ya 2: Joto. Vilivyogandishwa viwe nyuzi -18 au chini zaidi. Usiamini kioo cha kontena: kinaonyesha joto la hewa, si la chakula. Ingiza kipimajoto katikati ya maboksi. Ukikuta mifuko imeshikana na barafu imetuama chini ya boksi, mzigo uliyeyuka njiani ukagandishwa upya. Kataa.

Hatua ya 3: Sampuli. Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, kwenye karanga haisambai sawasawa. Punje chache zaweza kuchafua gunia zima, na kukaanga hakuimalizi. Ukichota magunia ya mlangoni tu, utapata majibu mazuri ya uongo. Utaratibu wa Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) kwa karanga za kusindikwa unataka sampuli ya kilo 20, iliyochotwa sehemu nyingi, isagwe na kuchanganywa ndipo ipimwe. Kikomo ni maikrogramu 15 za sumukuvu kwa kilo. Ukiuza Ulaya, karanga za kuliwa moja kwa moja zisizidi 4.

Hatua ya 4: Linda namba ya toleo. Mwaka 2011 bakteria wa E. koli kwenye chakula waliua watu zaidi ya 50, wengi wao Ujerumani. Matango ya Hispania yalilaumiwa bure, wakulima wakaumia. Kumbukumbu za mauzo ndizo zilizowafikisha wachunguzi kwenye mbegu za uwatu kutoka Misri. Kwa hiyo ukichanganya matoleo mawili, toa namba mpya na uandike zote mbili zilizoizaa.

Hatua ya 5: Jaribu kurudisha, kana kwamba mzigo uliokwisha kuuzwa umegundulika una kasoro. Chagua toleo moja, uulize: limekwenda kwa nani, kiasi gani? Kilichoingia, ukitoa kilichobaki na kilichoharibika, kiwe sawa na kilichotoka. Hesabu ikigoma, tafuta pengo siku hiyohiyo, waliopakua mzigo wangali wanakumbuka.