SOMO: Mzee asichanganyikiwe baada ya upasuaji

Kila mara naulizwa: "Bibi kafanyiwa operesheni ya nyonga, sasa anaongea na watu wasiokuwepo, karogwa?" Hajarogwa. Ni ubongo wa mtu mzima uliozidiwa na maumivu, dawa, maambukizi na kukosa usingizi. Someni hapa.

1. Kabla ya operesheni, mtajie daktari dawa zote anazotumia, na pombe kama anakunywa.
2. Akizinduka, arudishiwe miwani, kifaa cha kusikia na meno ya bandia.
3. Anywe, ale, apate choo. Ulizeni mpira wa mkojo unatoka lini.
4. Daktari akiruhusu, akae na atembee mapema.
5. Usiku. Hapa ndipo ndugu wengi wanaharibu. Mzee hajalala, anavuta dripu, mtu anampenyezea piritoni au valium "apumzike". MSIFANYE HIVYO. Kwa mwenye miaka 65 na zaidi, dawa hizo zenyewe zinaweza kumchanganya, na akianguka nyonga inavunjika tena. Punguzeni taa na kelele, mpeni kinywaji cha moto kama ameruhusiwa, msugueni mgongo, akae naye mtu anayemjua. Asubuhi fungueni pazia, mwambieni leo siku gani na yuko wapi. Na yule anayesinzia kutwa, kimya, mkisema "leo katulia"? Huyo naye anaweza kuwa amechanganyikiwa. Mwiteni muuguzi.

Dk. Sharon Inouye na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walipima hatua za aina hii mwaka 1999 kwa wazee waliolazwa: waliochanganyikiwa walikuwa asilimia 9.9, dhidi ya 15 kwa wasiohudumiwa hivyo.

MASWALI

Kidoti: Valium nusu kidonge je?
— Namba 5.

Mwana wa Pangani: Nasikia kuna umeme wa kichwani unaozuia hali hii. Ndio ule mshtuko wa wagonjwa wa akili?
— Ahsante kwa kuuliza. Hapana, huu ni hafifu mno: kwa kawaida miliampea 1 hadi 2, dakika 20 hivi, kupitia sponji zenye maji ya chumvi. Mgonjwa yuko macho, anahisi mwasho tu. Unasukuma seli za sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya umakini, ziamke kirahisi. China wameujaribu kwa wazee waliobadilishiwa nyonga na magoti, na matokeo yanatia moyo. Bado ni utafiti. Msinunue mashine mtandaoni.

Babu Ali: Sisi tulimfunga mikono asichomoe dripu.
— Mfungueni. Kufungwa kunamzidishia hofu.

Mama Zuu: Mvalisheni shati la mikono mirefu, mpira wa dripu upite ndani. Asipouona hauvuti.
— Naam, Mama Zuu. Na mkono mwingine mpeni kitambaa cha kukunja.