Somo: Kuchapa picha za jangwa kwa jua, manjano na magadi

Somo hili ni la klabu za mazingira shuleni, hasa Marsabit, Turkana na kwingineko kaskazini mwa Kenya, ambako jua halikopwi. Tutachapa picha za kuwahimiza watu walitunze Jangwa la Chalbi, huko Marsabit, bila chumba cha giza wala kemikali za kuagiza. Njia ni ya zamani: mwanasayansi John Herschel wa Uingereza aliieleza mwaka 1842, akitumia maji yaliyokamuliwa kwenye maua. Sisi tutatumia manjano ya jikoni. Njia nyingine za kuchapa kwa jua hudai kusuuza karatasi kwa maji mengi, na kuhubiri utunzaji wa Chalbi huku ukimwaga ndoo nzima ni kichekesho.

1. Piga picha. Hapa ndipo penye kazi. Msikimbilie mzoga wa ng'ombe na udongo uliopasuka. Picha hizo zimejaa tele, na zinamwambia mtazamaji kwamba hapa hakuna tena cha kulinda. Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale, na mvua kubwa ikinyesha maji husimama tena juu ya chumvi. Kalacha kuna chemchemi na miti ya mikoma, na Wagabra hunywesha ngamia wao huko. Pigeni hayo. Pigeni pia alama za matairi ya magari yanayojikatia njia mpya juu ya ukoko wa chumvi. Simu inatosha, ila muwahi asubuhi au msubiri jioni, vivuli virefuke. Saa sita mchana chumvi humeremeta na picha hutoka nyeupe tupu.

2. Chapisheni picha dukani kwa fotokopi, nyeusi na nyeupe, kwenye plastiki angavu. Msiigeuze kuwa negativu, yaani peusi kuwa peupe: palipo peusi ndipo manjano yatakapobaki.

3. Changanyeni kijiko kikubwa cha manjano na vijiko sita vya spiriti ya duka la dawa, mbali kabisa na moto. Acheni itulie, chujeni kwa kitambaa, pakeni karatasi nzito mkiwa kivulini. Ikaukie gizani, hata ndani ya boksi.

4. Wekeni plastiki juu ya karatasi, kisha kioo, mbane kwa vibanio vya nguo. Upepo wa huko si wa mchezo. Anikeni juani kwa muda wa saa mbili hadi nne. Palipopigwa na jua patapauka.

5. Yeyusheni magadi kidogo katika nusu kikombe cha maji, chujeni, mpulizie karatasi kidogo kidogo. Tazameni: manjano yaliyobaki hugeuka mekundu ya udongo papo hapo, na mikoma inajitokeza. Angalieni maji ya magadi yasiingie machoni. Kaushieni kivulini.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanafunzi, Lodwar: Plastiki hiyo hatuna. Tufanyeje?
Jibu: Chukua fotokopi ya kawaida, ipake mafuta ya kupikia, uifute mpaka isiache alama kidoleni. Mwanga utapita. Iongezee muda juani.

Mwalimu, Maralal: Naweza kuwaambia wanafunzi wachume majani ya kuweka juu ya karatasi badala ya picha?
Jibu: Ndiyo mwalimu, lakini waokote yaliyoanguka. Jani la mgunga hutoa umbo zuri sana. Wasikwanyue matawi.

Mwanachama, Baringo: Samahani, kulinda jangwa ndiko kupi? Si tupande miti jangwa liishe?
Jibu: Ndugu yangu, wewe wa Baringo ndiye wa kutufundisha. Mti wa mathenge uliletwa kuzuia ardhi isiharibike, ukaziba malisho na kuwang'oa mbuzi meno mpaka wananchi wakaishtaki serikali. Malisho yaliyochakaa kwa mifugo kupita kiasi yanahitaji kuponywa, sawa. Lakini Chalbi haiumwi, ndivyo ilivyo. Wanafunzi waandike maelezo mafupi chini ya kila picha, yatenganishe mambo hayo mawili.

Mwalimu, Isiolo: Tunataka maonyesho tarehe 17 Juni, Siku ya Kupambana na Kuenea kwa Jangwa. Picha zitadumu?
Jibu: Ukutani penye jua zitapauka upesi, maana hakuna dawa ya kuzigandisha. Zitundikeni ndani, mbali na madirisha, na mpige kila moja kwa simu siku ileile inapokauka. Zikishaonyeshwa, zihifadhini ndani ya faili jeusi.