Kesi ya silaha isiyo na leseni: nani athibitishe nini

Ndugu wa mshtakiwa huniuliza: "Wakili, tutaonyeshaje kwamba hana hatia?" Swali sahihi ni kama upande wa mashtaka unaweza kuonyesha kwamba anayo. Msimamo huo ulitamkwa waziwazi Uingereza mwaka 1935 katika kesi ya Woolmington, na mahakama za nchi nyingi huufuata.

Hatua ya 1: Vunja kosa vipande
Soma hati ya mashtaka, kalamu mkononi. Je, kitu hicho ni silaha kisheria? Kilikuwa chini ya mamlaka ya mshtakiwa, naye akijua? Hakuwa na leseni?

Hatua ya 2: Fuata kielelezo
Kielelezo ni kitu kinacholetwa mahakamani kama ushahidi, hapa bunduki yenyewe. Usiharakishe. Chukua namba ya bunduki iliyomo kwenye hati ya ukamataji, ilinganishe na ripoti ya mtaalamu wa silaha, kisha na ile iliyochongwa kwenye chuma cha bunduki iliyoletwa mahakamani. Tarakimu moja ikitofautiana, shahidi ana kazi ya kueleza iwapo hiyo ndiyo bunduki iliyokamatwa. Halafu dai mnyororo wa utunzaji: nani aliipokea kituoni, iliwekwa wapi, nani aliipeleka kwa mtaalamu, saini ziko wapi.

Hatua ya 3: Umiliki
Bunduki iliyokutwa uvunguni mwa kitanda, chumba kikilaliwa na watu watatu, haijawa ya yeyote kati yao. Lazima pawe na ushahidi wa kumfunga nayo huyu aliyeshtakiwa.

Hatua ya 4: Leseni
Hapa sheria hazifanani, kwa hiyo soma ya kwenu. Ufilipino, upande wa mashtaka ndio unaothibitisha kwamba leseni haipo, kwa cheti au shahidi kutoka ofisi ya polisi inayosajili silaha. Kenya, kifungu cha 111 cha Sheria ya Ushahidi humwachia mshtakiwa kuthibitisha jambo analolijua hasa yeye, na leseni huweza kuangukia humo. Hata hivyo, kifungu hichohicho kinataka aachiwe ikiwa ushahidi wa upande wowote umezua shaka ya msingi. Kama leseni ipo, itoe mapema. Kuificha hakumsaidii mteja.

Hatua ya 5: Hakuna kesi ya kujibu
Upande wa mashtaka ukifunga ushahidi wake, simama kabla mteja hajajitetea, uiombe mahakama iamue kwamba hana kesi ya kujibu. Taja kipande kilichokosekana, na shahidi ambaye angepaswa kukileta.