Hakikisha dereva wa lori amekuona

Ndugu zangu wa bodaboda Mtwara na Lindi, msimu wa korosho malori yanajaa barabara ya Masasi kwenda bandarini, na yale ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yamo humo humo. Tafadhali sana, usipenye kushoto kwa lori, hasa linapokaribia kukata kona. Dereva amekaa kulia, ubavu wa kushoto haoni vizuri. Tela likikunja, matairi ya nyuma yanakata ndani zaidi kuliko ya mbele, na wewe uliye pembeni huna pa kukimbilia. Kipimo chake: tazama saitimira, kile kioo cha pembeni cha lori. Kama huoni uso wa dereva, naye hakuoni. Rudi nyuma usubiri. Abiria akilalamika, mwache alalamike.

Taa ya mbele washa hata mchana, mwanga wa chini tu. Reflekta ivae juu ya koti, lakini ukishapakia abiria mgongo wako umezibwa, kwa hiyo beba ya pili umvalishe yeye. Taa ya breki ifute vumbi kila asubuhi. Ukifika njia panda ya Mingoyo, punguza mwendo mapema.