Kukarabati karavani kuukuu ili uishi bila umeme wa gridi

Rangi ni mwisho kabisa. Karavani yangu ya kwanza, yaani nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, nilianza na sakafu: nikapiga plaiwudi mpya, nikapaka vanishi ikang'aa. Mvua za msimu mmoja tu, kona ya nyuma ikabonyea kama mkate uliolowa. Kumbe dirisha lilikuwa likivuja muda wote.

Hatua ya 1: Tafuta maji

Chukua bisibisi, udungedunge sakafu pembezoni, chini ya madirisha na kuzunguka tundu la hewa la paani. Ubao mzima hugoma. Uliooza humeza ncha bila sauti. Karavani nyingi za zamani zina fremu ya mbao nyuma ya bati la alumini, kwa hiyo nje panaweza kupendeza na ndani pamebaki unga mtupu.

Kisha mwagia maji kwa mpira, ukianzia chini na kupanda polepole, mwenzako akiwa ndani na tochi. Ukianzia juu, maji yatateremka kote na hutajua yameingilia wapi.

Hatua ya 2: Toa, badilisha, ziba

Ng'oa madirisha, kwangua gundi yote ya zamani, badilisha mbao mbovu, uache pakauke kabisa kabla ya kufunika. Dirisha lirudishe kwa utepe wa butili, aina ya mpira laini unaonata. Silikoni weka mbali: huacha utando, na siku ukitaka kuziba upya hakuna kitakachoshika juu yake. Kaza skrubu kidogo, ngoja hadi kesho yake, kaza tena. Butili itachomoza pembeni. Ikate kwa kipande cha plastiki.

Hatua ya 3: Magurudumu

Kashata nzuri ya tairi isikudanganye. Soma tarakimu 4 za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Beringi zifungue, zisafishe, zipake grisi mpya. Breki pia.

Hatua ya 4: Umeme

Piga hesabu kabla ya kununua. Friji ndogo ya wati 45 inayonguruma nusu ya siku hula wati-saa 540. Taa, pampu, simu na kompyuta zikiongezeka, weka 900. Betri ya volti 12, ampea-saa (Ah) 100, hubeba takriban wati-saa 1,200. Ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo unabaki na 600. Ya lithiamu (LiFePO4) hutoa zaidi ya 900, ila isichajiwe kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0.

Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 1,000 huvuta zaidi ya ampea 80, hivyo waya wake uwe mnene na mfupi.

Hatua ya 5: Gesi na uzito

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, basi tundu la sanduku la mtungi liwe chini. Pima viungio kwa povu la sabuni, ufunge na king'ora cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu.

Lita 1 ya maji ni kilo 1; tangi la lita 100 likae juu ya ekseli au karibu nayo. Uzito unaolalia ndoano ya gari uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Ukipungua, karavani itaanza kutikisa mkia barabarani. Ipeleke kwenye mizani ikiwa imejaa vitu vyako vyote.

Haya, sasa kanunue rangi.